Nyota za Orion: Mafunzo Niliyopata Nikiwatengenezea Watu Nembo za Filamu

Kijana anayeanzisha kampuni ya filamu hunijia na vitu vitatu: jina, rangi anazozipenda, na simu yenye video ya simba anayenguruma. Skripti bado. Kamera ataazima. Lakini intro anaitaka wiki hii, na anaitaka nzito. Simcheki. Najua anachokitafuta: anataka mtu aliyekaa gizani alione jina lake kabla ya kuona kitu kingine chochote. Hiyo ni tamaa halali kabisa, na ndiyo iliyonilisha mimi na wanangu miaka yote hii.

Kazi hii nimeifanya Dar es Salaam tangu enzi za mikanda ya VHS. Katika nembo zote nilizowahi kuzichungulia, iliyonifundisha zaidi ni ya kampuni moja ya Marekani ambayo haikuwahi kuwa na kiwanja kikubwa cha kurekodia wala simba: Orion Pictures. Kama umekulia kwenye vibanda vya video umeiona, hata kama huikumbuki. Giza. Nyota zinazunguka, zinajipanga kuwa kundi moja, kisha zinajiviringa na kuwa herufi O, na jina linakamilika. Baada ya hapo Arnold Schwarzenegger anatokea Los Angeles usiku, hana hata kaptura.

Haya ndiyo niliyojifunza kwa kuifuata nembo hiyo, na kwa kuharibu baadhi ya zangu.

1. Usiibebeshe nembo hesabu

Orion ilianzishwa mwaka 1978 na watu watano waliotoka United Artists: Arthur Krim, Robert Benjamin, Eric Pleskow, William Bernstein na Mike Medavoy. Hawakufukuzwa. Waliondoka wenyewe, wamechoshwa na Transamerica, kampuni iliyojulikana zaidi kwa bima, ambayo ilikuwa imeinunua United Artists na kutaka kuwaelekeza watu wa sinema namna ya kuendesha sinema. Na hawa hawakuwa wababaishaji. Chini yao United Artists ilikuwa imechukua Oscar ya filamu bora kwa One Flew Over the Cuckoo's Nest, ikachukua tena kwa Rocky, na Annie Hall ikaja kushinda miezi michache baada ya wao kufunga virago. Hiyo ni miaka mitatu mfululizo.

Wakajiita Orion, jina la kundi la nyota. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba kundi hilo lina nyota kuu tano, na wao walikuwa watano. Hadithi tamu, na mimi nimeihubiri sana. Nimeisimulia kwenye semina za vijana kwa sauti ya mtu aliyekuwepo, mpaka siku moja mtoto wa sekondari, aliyekuwa amemsindikiza tu dada yake, aliponyoosha mkono. "Samahani mzee, Orion ina nyota saba. Nne za pembeni na tatu za mkanda." Ukumbi ukacheka, nami nikacheka kwa adabu. Usiku nikatoka nje nikainua kichwa. Zilikuwa saba, na zimekuwa saba tangu kabla ya Adamu. Kwa miaka yote hiyo sikuwahi kufikiria kuangalia juu.

Kilichonishangaza ni jinsi kosa hilo lisivyowadhuru. Mtazamaji hakuwahi kuhesabu chochote. Aliona nyota, akaona jina, akatulia kwenye benchi. Hesabu ingeweza kuwadhuru wenyewe, maana Benjamin alifariki mwaka 1979. Wangekuwa wamezibandika nyota majina yao, mwaka wa pili tu wangeanza kufuta.

Siku hizi akija mteja anayetaka ndege mwenye manyoya sita kwa sababu ndugu ni sita, namuuliza taratibu: mkigombana, tunamnyonyoa? Maana za siri ziandike kwenye daftari lako. Kwenye kioo weka umbo ambalo mtu atalitambua akiwa anatafuta chenji ya soda.

2. Tengeneza kwa ajili ya nakala mbovu kuliko zote

Mara ya kwanza niliiona Orion kwenye kibanda Magomeni. Mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa kwa turubai, runinga ya chogo juu ya meza na deki chini yake limefunikwa kitambaa cha kudarizi kama vile ni birika la wageni. Mkanda wenyewe ulikuwa nakala ya nakala ya nakala. Walionakili kanda za VHS kwa deki mbili na waya wanajua kinachotokea: kila ukinakili, rangi inafifia, kingo za vitu zinayeyuka, na sehemu zenye giza zinajaa chenga.

Sasa chukua nembo ambayo ni vitone vyeupe kwenye giza uipitishe humo. Hukujua ipi nyota, ipi chenga. Mwenye kibanda naye hakujua. Aliona kioo kimechafuka, akasimama, akautoa mkanda, akafungua deki, akafuta hedi kwa pamba na spiriti huku watu wakipiga miluzi, akaurudisha mkanda mwanzo na kubonyeza. Zikaja nyota zilezile. Akautoa tena. Safari hii mtu wa benchi la nyuma akamwambia, "Bwana, iache, ndivyo ilivyo." Na kweli, alipoiacha, katikati ya zile chenga ikajitokeza O kubwa nyeupe, kisha jina zima, limenyooka, linasomeka na aliyesimama mlangoni.

Jambo hilo sikulielewa palepale. Nilikuja kulielewa nilipoanza kazi mwenyewe na kujaribu kuwa mjanja kuliko Orion. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati filamu zetu za Kiswahili zilipoanza kujaa madukani, nilimtengenezea mteja jina la dhahabu, herufi nyembamba kama uzi, kutoka ukingo wa kushoto hadi wa kulia. Kwenye kompyuta yangu lilikuwa zuri la kutia wivu. Tulipoliweka kwenye runinga ya chogo, herufi ya kwanza na ya mwisho zikaliwa. Runinga zile zilikuwa zinakata kingo za picha, ndiyo maana mafundi wa zamani walikuwa na kanuni kwamba maandishi yakae ndani ya asilimia 80 ya katikati. Kanuni hiyo niliijua. Niliona inawahusu watu wa televisheni, mimi nilikuwa msanii. Mteja wangu aliitwa mtaani kwa lile jina lililokatwa kichwa na mkia kwa muda mrefu kuliko kampuni yake ilivyoishi.

Nembo nzuri ina sehemu mbili: ya kupendeza na ya kuokoka. Nyota za Orion zilikuwa za kupendeza, kwa ukumbi wa sinema wenye kioo kikubwa na projekta safi. Ile O na jina lililonyooka vilikuwa vya kuokoka, na ndivyo vilivyofika Magomeni. Leo hakuna runinga ya chogo lakini kuna mabaya yake mapya. Video inakatwa iwe ya wima, inabanwa ikitumwa, inatazamwa juani ndani ya daladala. Kwa hiyo nembo yako ukishaimaliza usiikague kwenye kompyuta ya studio. Itume kwa WhatsApp, mwambie uliyemtumia airekodi kwa simu nyingine akutumie tena, kisha uitazame kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kitakachobaki hapo ndicho ulichonacho.

3. Waachie wengine nafasi ya kusema

Twentieth Century Fox wana ngoma na tarumbeta zao, kazi ya Alfred Newman. MGM wana simba. Orion ya miaka ya 1980 haikuwa na wimbo wake. Nyota zilizunguka kimya, au juu yake ikaingia sauti ya filamu yenyewe. Kwa miaka mingi niliona huo ni umaskini: walikosa hela ya mpiga tarumbeta.

Lakini sisi tulizitazama picha hizi zikiwa na mtu wa tatu ndani yake. Waliokulia Tanzania watamkumbuka Lufufu, waliokulia Kenya wanamjua DJ Afro: msimulizi aliyeweka sauti yake juu ya picha, akatafsiri, akaongeza chumvi, akampa stelingi jina la mtaani. Msimulizi akikutana na tarumbeta za Fox lazima asubiri zimalize. Akikutana na ukimya wa Orion, anaingia. Mkanda wa The Terminator nilioutazama mimi ulikuwa na msimulizi ambaye simtaji, maana sikuwahi kulijua jina lake, aliyeanza kusema nyota ya kwanza ilipotokea tu. Akatueleza kwamba huo ni usiku wa miaka ijayo, na hizo nyota ndizo zilizomshuhudia adui akiondoka kuja duniani kwetu.

Nikaamini. Kwangu mimi zile nyota zilikuwa tukio la kwanza la picha. Halafu nikatazama RoboCop, ya mwaka 1987. Nyota zilezile! Nikawatangazia wenzangu benchi zima kwamba hii ni sehemu ya pili, kwamba lile jitu la chuma limerudi na safari hii limeajiriwa polisi. Hakuna aliyenipinga. Tuliitazama yote kwa mtazamo huo na, nisiwafiche, inakubali.

Nembo isiyo na kelele huingia ndani ya filamu na kuchukua rangi yake. Nyota zikitangulia hadithi ya kutisha, zinatisha. Zikimtangulia Mozart kwenye Amadeus, zinakuwa za heshima. Kelele yako ukiibandika mbele ya kila picha, itakuja siku utatoa filamu ya msiba na radi yako ile ya kompyuta itapiga kabla ya jeneza kuonekana. Nimekaa kwenye uzinduzi wa namna hiyo, safu ya pili. Radi ilikuwa yangu.

Weka mlio kama unao mzuri. Lakini mwachie mwongozaji toleo la kimya, na umwambie lipo.

4. Anayetangulia kwenye kioo si lazima awe mwenye mali

Hapa ndipo historia ya Orion ilipoanza kunisumbua usingizi.

Walipoanza, hawakuwa na mtandao wa kusambaza. Warner Bros. ndiyo iliyowapelekea filamu kwenye kumbi, tangu A Little Romance ya mwaka 1979. Mwaka 1982 wakaichukua kampuni iliyoitwa Filmways, na kwa njia hiyo wakapata usambazaji wao. Kuanzia hapo mambo yakageuka: sasa filamu za wengine ndizo zilizopita chini ya nyota za Orion. First Blood, yaani Rambo ya kwanza, ilitengenezwa na Mario Kassar na Andrew Vajna, waliokuja kujulikana kwa kampuni yao ya Carolco. Orion iliisambaza Marekani. The Terminator na Platoon zilikuwa za Hemdale, kampuni yenye asili ya Uingereza. Orion iliziweka sokoni.

Sisi huku tulijua nini? Rambo alitukaa mpaka mfuko wa plastiki tukauita rambo, ukaitwa hivyo hadi serikali ilipoipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2019. Kama ungeniuliza nani mwenye Rambo, ningekujibu bila kufikiri: wale wa nyota. Kumbe Rambo ya pili na ya tatu ziliondoka na wenyewe zikapita mlango mwingine. Terminator 2 ilipokuja mwaka 1991, nilikaa nikisubiri nyota. Hazikuja. Zikaja nembo za TriStar na Carolco. Nilidhani nimeletewa feki, na karibu nidai hela yangu.

Baadaye nikayaona mambo hayohayo Kariakoo, kwa ukubwa wetu. Dada mmoja mtayarishaji alinilipa nimtengenezee nembo, akailipia vizuri kwa mafungu, akaipenda hadi akaichapisha kwenye fulana. Filamu ikamalizika. Msambazaji akampa hela taslimu akachukua masta. Nakala zilipotoka dukani, kwenye kasha kulikuwa na nembo ya msambazaji kubwa juu, na ya kwake imekuwa ndogo kama alama ya kiberiti, pembeni ya onyo la wizi wa kazi za sanaa. Ndani ya DVD haikuwemo kabisa. Alinipigia simu akifoka, akidhani nimesahau kuiweka. Nilimwomba anisomee mkataba. Ulikuwa ukurasa mmoja, na maneno "haki zote" yalikuwa mstari wa pili.

Tangu hapo siwashi kompyuta kabla ya kuuona mkataba. Mteja ananishangaa: wewe mchoraji, mkataba wa nini? Wa kujua kama nembo hii itaonekana. Kuna aliyetoa hela, kuna aliyetayarisha, kuna anayesambaza, na kila mmoja ana nafasi yake kwenye kioo. Mpangilio huo, na ukubwa wa kila nembo, uandikwe. Usipoandikwa utaamuliwa na aliyeshika masta siku ya mwisho, na huyo hana muda na fulana zako.

5. Nyota haziwaambii watu kama mna hela

Mwezi Machi 1991, Dances with Wolves ilichukua Oscar saba. Filamu hiyo iliingiza zaidi ya dola milioni 180 Marekani peke yake. Mwezi mmoja kabla ya sherehe hizo Orion ilikuwa imeshaitoa The Silence of the Lambs, nayo ikawa inajaza kumbi. Mtu yeyote aliyeona nyota zile zikizunguka mwaka huo angeapa kwamba wenyewe wanalalia noti.

Desemba mwaka huohuo Orion ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilidhani wamekosea mwaka. Lakini ukiangalia vizuri unaona. Kwa kila filamu iliyoshinda kulikuwa na nyingine nyingi zilizolala. Hata zile zilizoshinda, mara nyingi Orion ilikuwa na kipande chake tu; Dances with Wolves kwa mfano, soko la nje ya Marekani lilikuwa la wengine. Ikafika mahali wakawa wanauza chakula kikiwa jikoni: The Addams Family waliwauzia Paramount ili wapate fedha ya haraka, na Paramount wakaitoa Novemba 1991 ikawa moto. Filamu zilizokwisha kurekodiwa zikabaki kabatini kwa sababu hapakuwa na hela ya kuzitoa. RoboCop 3 ilingoja hadi 1993. Blue Sky ilingoja hadi 1994, na ilipotoka Jessica Lange akachukua Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa kazi aliyokuwa ameshaimaliza miaka kadhaa nyuma.

Na bado tamu haijafika. Machi 1992, kampuni ikiwa mikononi mwa mahakama, The Silence of the Lambs ikabeba Oscar tano kubwa kwa mpigo: filamu, mwongozaji, mwigizaji wa kiume, wa kike, na skripti. Kabla yake ni filamu mbili tu zilizowahi kufanya hivyo, na mojawapo ni One Flew Over the Cuckoo's Nest, ambayo United Artists iliitoa wakati wa Krim na wenzake walewale. Hebu fikiria wadai wamekaa nyumbani wakitazama sherehe, kila jina likitajwa, kila mtu akipanda jukwaani kushukuru.

Naisimulia sana hii kwa vijana wanaopima kampuni ya mwenzao kwa intro yake. Wanasema, "Wale wameiva, umeona nembo yao?" Nembo ni kitu cha kwanza kulipiwa na cha mwisho kuonyesha njaa. Inacheza vilevile mkiwa na mshahara na msipokuwa nao. Hata mimi niliwahi kumkopesha mteja kazi nzima kwa sababu intro yake ya zamani ilikuwa na magari matatu na helikopta. Helikopta niliitengeneza mwenyewe, kwa kompyuta, mwaka uliotangulia! Nilidanganywa na kazi ya mikono yangu.

Ukitaka kujua hali ya kampuni, uliza wana filamu ngapi kabatini na kwa nini bado zimo. Ukiwa wewe ndiye mwenye kampuni, jiulize swali hilohilo kabla hujaniita tuirembeshe nembo upya. Wengi huniita wakati huo hasa.

6. Ifupishe

Hili halihitaji maneno mengi. Nimewahi kutengeneza nembo yenye dunia inayozunguka, tai, mto, umeme, na jina linalochomoza kutoka majini. Ilikaribia dakika nzima. Kwenye uzinduzi mama mzazi wa mteja aliinama akaninong'oneza kama tangazo linakaribia kuisha, picha ianze.

7. Karatasi huishi kuliko nyota

Krim alifariki mwaka 1994. Mwaka 1997 MGM iliinunua Orion pamoja na kampuni nyingine mbili zilizokuwa zimeunganishwa nayo, kwa dola milioni 573. MGM hiyohiyo ilikuwa imeinunua United Artists tangu 1981, baada ya filamu ya Heaven's Gate kuizamisha. Kwa hiyo nyumba ambayo wale watano waliikimbia na nyumba waliyokwenda kuijenga zote zikaishia chini ya paa moja, la simba. Hakuna mwandishi wa skripti ambaye ningemruhusu aniletee mwisho wa namna hiyo.

Jina la Orion likapumzishwa kwa miaka. Halafu wenye karatasi wakalifufua. Mwaka 2018 filamu za Orion zikarudi kwenye kumbi za Marekani, nyota zikiwa zimechorwa upya. Mwaka 2022 Amazon ikainunua MGM kwa dola bilioni 8.45, na nyota zikaenda nayo pamoja na simba. Mwaka 2024 American Fiction, filamu ya Orion, ikachukua Oscar ya skripti iliyotokana na kitabu. Sidhani kama kuna mtu aliyebaki ofisini humo aliyewahi kukaa meza moja na Krim. Nembo haikujali. Ilimfuata mwenye hati, kama gari linavyomfuata mwenye kadi.

Hili nalisisitiza kwa sababu kwetu watu huogopa wezi wa filamu lakini hawaogopi mwenzao wa kampuni. Mmeanzisha watatu. Mmoja alitoa jina, mmoja alitoa hela ya mchoraji, mmoja ana faili kwenye laptopu yake. Mkitengana, nyota ni za nani? Nimeitwa kusuluhisha ugomvi wa namna hiyo, na kila upande uliniletea toleo lake la nembo niliyoichora mimi, kila mmoja akidai la mwenziwe ni la wizi. Ilibidi niwaambie ukweli ambao hakuna aliyeupenda: faili halisi ninalo mimi, na hakuna kati yao aliyewahi kuniandikia kwamba nimemkabidhi haki.

Kwa hiyo fanya mambo haya wakati bado mnapendana. Mchoraji akukabidhi mafaili yote, yale yenye tabaka zake, siyo video iliyokwisha kubanwa, na mwandikiane kwamba haki zimehamia kwa kampuni. Filamu yenyewe iandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Jina na nembo visajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama alama ya biashara, kwa jina la kampuni na si la mtu aliyekuwa na nauli ya kwenda siku hiyo. Usajili wa mwanzo hudumu miaka 7, baada ya hapo unahuisha kila miaka 10. Na ujue kwamba BRELA ni ya Tanzania Bara. Ukitaka kinga Zanzibar unasajili huko kivyake, na wengi wanaopeleka filamu zao kwenye tamasha la Unguja hawalijui hilo.

Yangu mimi, ile ya studio yangu, inatakiwa kuhuishwa mwaka huu. Siku hizi mambo yote yanafanyika kwenye mfumo wa mtandaoni, na neno la siri alilitunga binti yangu alipokuwa likizo. Nimempigia. Anasema ni jina la sinema ya kwanza niliyomsimulia akiwa mdogo, ila hakumbuki kama aliliandika kwa herufi kubwa.